Hakuoa Burma

Nairobi tunakula nyama kwa majina ya vita na hakuna mtu hushtuka. Kariokor ni Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita vya Kwanza, jina likatafunwa na midomo yetu mpaka likawa soko. Burma, pale karibu na City Stadium, ni nchi nzima huko Asia, siku hizi inaitwa Myanmar, ambako vijana wetu walipelekwa kupigana na Wajapani. Nimekula mbavu Burma miaka mingi, na kumbe ukoo wetu una kesi na hilo jina.

Kesi yenyewe ni hii. Baba ya babu yangu, mtu wa Machakos, aliingia jeshi wakati wa Vita vya Pili na hakurudi. Kijijini ikasemwa amepata bibi Burma, akasahau nyumbani. Mkewe alizeeka akiitwa mwanamke aliyeachwa. Babu naye akalelewa kwa wajomba, kwa sababu ndugu za babake hawakuona haja ya kumkatia mtoto wa mtoro kipande cha ardhi. Kwa hivyo msidhani hii ni stori ya kupitisha muda. Ni ya shamba.

Wasee wengi wakisikia "nyaraka za jeshi" wanafikiria Kew, kule London, ambako Waingereza wameweka makaratasi yao. Tulia. Anza na susu, na umuulize vitu vidogo. Usimuulize marehemu alikuwa mtu wa aina gani, utaambiwa alikuwa mtu mzuri. Uliza alipandia meli wapi, mvua ilikuwa imenyesha ama bado, huko jeshini alifanya kazi gani. Susu wangu aliolewa tu kwa hiyo boma, stori aliipata kwa mama mkwe, na alikuwa na vitu viwili: aliondokea Mombasa, na alikuwa mtu wa mizinga. Binamu yangu alidhani ni mizinga ya nyuki. Sisi ni Wakamba, simlaumu.

Hiyo mizinga ndiyo ilifungua mlango. Askari wengi unaowasikia walikuwa KAR, wa bunduki na miguu. Wa mizinga walikuwa East African Artillery, na ukijua hivyo unajua ni orodha gani ya kusoma. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, tafuta CWGC, imeweka majina ya waliokufa kwa intaneti, bure, na unaweza kuyachuja kwa kikosi na kwa tarehe. Usianze na jina. Jina liliandikwa na karani aliyelisikia mara moja kwa foleni: Musyoka anaweza kuwa Musioka, Mutisya akawa Mutisia. Na jina la pili mara nyingi ni la baba ya mtu, si lile mnalotumia leo kwa vitambulisho. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msinitafutie digrii hapa. Nilichuja mizinga, 1944, nikasoma moja moja kama rejista ya shule, usiku, bando ikielekea kuisha.

Kilichonishtua kwanza ni tarehe. 12 Februari 1944. Chini yake, 12 Februari 1944. Tena. Tena. Manze, kidole kilichoka.

Siku hiyo meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikienda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives. Ilizama kwa kama dakika mbili. Watu 1,297 walikufa, wauguzi wakiwemo, na wengi walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga, watu wa kwetu. Kuna waliobaki wanaelea. Nyambizi ikajificha chini yao, na manowari za Waingereza zikaangusha mabomu ya kuilipua hapo hapo, watu wakiwa majini.

Yeye yuko kwa hiyo orodha. Jina lake, jina la babake, kikosi, herufi moja imekosewa. Machakos ina majina yanayofanana kibao, ndiyo maana nilingoja vyote vikubaliane ndio nipige simu nyumbani. Hakufika Burma. Hakuona Mburma hata mmoja, wacha kuoa. Na jina lake liko kwa ukumbusho ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, hapa hapa Nairobi. Matatu zinapita.

Susu alinyamaza, halafu akauliza kama hiyo karatasi inaweza kupigwa muhuri.

Kama wa kwenu alirudi hai, orodha ya waliokufa haikusaidii. Nenda Kenya National Archives, Moi Avenue, uitishe faili za wilaya yenu. Zingine Waingereza waliondoka nazo: mwaka wa 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ikiwa mahakamani London, walikubali wamekalia karibu faili 8,800 kutoka makoloni 37.

Na kama wa kwenu alikuwa mpagazi wa Kariokor, kazi ni ngumu zaidi. Ripoti ya CWGC yenyewe, ya 2021, inasema watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, ama hawakukumbukwa kabisa. Kwa hao hakuna cha kuchuja. Chukua simu, bonyeza rekodi, mwache susu aongee hata akirudia.