Vuta N'kuvute Kabla Haijafika Upareni

Mwanafunzi aliyesoma Kiswahili kidato cha sita pale Same au Mwanga, Upareni, anamjua Yasmin vizuri sana. Amekariri ndoa zake tatu, ameandika insha juu ya Denge, na amemchambua Koplo Matata mpaka amemchoka. Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, imekuwa kitabu teule cha sekondari ya juu pamoja na Kufikirika na Mfadhili. Mwongozaji Amil Shivji alipoamua kuigeuza filamu, watazamaji wake wengi walikuwa wameshaipigia mistari kwa kalamu ya wino. Hakuna mtazamaji mgumu kama huyo.

Lakini filamu zilipoanza kupelekwa vijijini katika ukanda huu, hazikuja na riwaya. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, jirani na reli ile ile ya Tanga hadi Moshi inayopita Same, L. A. Notcutt na G. C. Latham walianza mradi wa sinema za kuelimisha Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35, zikiwamo za safura na benki ya posta. Picha zilikuwa bubu. Maelezo yalitoka kwenye santuri, na lori likazunguka nazo nchi hadi nchi. Waandaaji waliandika namna watu walivyocheka na kunong'ona, lakini waliyaandika hayo kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Hata Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, aliyoigiza Rashidi Kawawa kabla hajawa kiongozi wa nchi, ilikuwa ya kumwonya mtu wa shamba dhidi ya ulaghai wa mjini.

Kilichomrudishia mtazamaji sauti yake ni kibanda umiza, banda la mtaani la kuoneshea video. Mabenchi ya mbao, gunia au shuka nzito dirishani, televisheni moja juu ya kabati, na sauti ya mtafsiri ikipita juu ya sauti za waigizaji. Lufufu alijijengea jina kwa kazi hiyo: alitafsiri, akaongeza chumvi, akawaeleza watu nani adui na kwa nini. Mle ndani watu hujibizana na picha, na mhusika mjinga huambiwa hapo hapo kwamba ni mjinga. Mimi naona shule ya kweli ya watazamaji wetu ilikuwa hiyo.

Kwa watazamaji hao, Shivji alishiriki kuandika skripti ya Vuta N'kuvute na akaiongoza filamu mwenyewe. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Toronto, Septemba 2021, Ikhlas Gafur Vora akiwa Yasmin, Gudrun Columbus Mwanyika akiwa Denge, na mwimbaji Siti Amina akiwa Mwajuma. Mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kuwania Oscar, filamu yake ya pili baada ya Maangamizi. Msomaji wa kitabu hulalamika haraka: mbona kile kipande hakimo? Lakini dakika tisini na kitu haziwezi kubeba Mombasa, Shihab, Bukheti na vituko vyote vya Inspekta Wright. Skripti imeshikilia penzi la Yasmin na Denge, ikaziacha siasa zipite humo humo, kwenye vipeperushi na vichochoro vya Unguja. Nadhani uamuzi huo ni sahihi, kwa sababu mtihani ulikuwa umetuzoesha kutenganisha "dhamira ya mapenzi" na "dhamira ya ukombozi", kila moja na alama zake; hapa zimerudi pamoja.

Huko Kenya, safari ya hadithi kwenda kwenye filamu ilipita njia nyingine. Wanuri Kahiu na Jenna Bass walitoa skripti ya Rafiki katika Jambula Tree, hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Filamu ilipigwa marufuku mwaka 2018. Mahakama Kuu ikaifungulia siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa.

Vuta N'kuvute haikuhitaji mahakama, inahitaji gari. Kumbi za sinema za Dar es Salaam na Arusha ziko mbali na watu wa Upareni, wa Ndungu, Hedaru na wavuvi wa Ziwa Jipe. Lori la Vugiri liliwafikia watu wa vijijini miaka ya 1930 kuwafundisha kuweka akiba posta. Projekta na jenereta za leo hazina hata uzito wa kuhitaji lori, shule za sekondari zina viwanja, na wanafunzi wana nakala za kitabu mikononi. Waoneshwe usiku, wajibizane na Koplo Matata kwa sauti, kisha asubuhi waingie darasani.