Panya wa Kielelezo na Limfoma ya Ubongo na Jicho

Wanafunzi wa Mulungwishi, kule kwenye chuo cha Wamethodisti nje ya Likasi, husoma elimu yao kwa Kifaransa na nyumbani huzungumza Kiswahili, na kwa hiyo mwenye kukutana kitabuni na maneno modèle murin hana budi kujitafutia njia ya kumweleza mama yake ni jambo gani hilo. Naye akisema tu "modeli ya panya", mama atadhani mwanawe anafinyanga panya wa udongo. Kinachoigwa si panya bali ni maradhi ya binadamu, na panya ni mahali yanapoigiziwa. Nami kwa sababu hiyo nachagua istilahi panya wa kielelezo, kwa maana ya panya aliyetiwa maradhi kwa makusudi, ama kwa kudungwa seli, ama kwa kubadilishwa jeni, ili yachunguzwe katika mwili ulio hai kabla dawa haijamfikia mgonjwa.

Wako pia wapendao kuiita limfoma "saratani ya mitoki", nayo ni lugha tamu. Walakini mitoki ni tezi zivimbazo kinenani na kwapani, ilhali ndani ya ubongo na ndani ya jicho hamna mtoki hata mmoja. Maradhi yenyewe ni ya limfosaiti, chembe nyeupe za damu zilizowekwa kuulinda mwili, aghalabu za aina ya B, zinazoasi na kuota ubongoni, au katika retina na ule ute unaojaza jicho. Jichoni huja kwa hila: mgonjwa huona ukungu na vidoa vinavyoelea, tabibu humpa steroidi akidhani ni uvimbe wa kawaida, nafuu hupatikana kwa muda, na miezi hupita kabla ute haujatolewa na kutazamwa kwa hadubini. Wengi walioanzia jichoni hatimaye hupatwa ubongoni, ndiyo maana viungo hivi viwili hutajwa pamoja.

Ute unaopatikana kwa mgonjwa mmoja ni kidogo mno, nao ubongo haukatwi kila siku kwa ajili ya uchunguzi; hapo ndipo panya alipohitajiwa. Mwaka 1983 walielezwa huko Marekani panya waitwao SCID, waliozaliwa bila limfosaiti za kuwakinga, hata seli za mtu zikipandwa miilini mwao hazikataliwi. Na baadhi ya seli zilizopandwa zina nasaba ya Afrika ya Mashariki: Denis Burkitt, mpasuaji wa Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto, ambao sasa huitwa limfoma ya Burkitt, na mwaka 1967, kutokana na uvimbe wa tundu la jicho la kijana Mwafrika wa miaka 16, ilipatikana jamii ya seli iitwayo Daudi, ambayo ingali ikikuzwa katika maabara za ulimwengu. Zilipotiwa katika mishipa ya damu ya panya wa SCID, seli za Daudi zilipenya hata kwenye uti wa mgongo, na miguu ya nyuma ya panya ikapooza. Jamii nyingine ya Burkitt, CA46, ilidungwa ndani ya macho ya panya hao katika utafiti uliotolewa mwaka 2006, na sumu iliyofungwa kwenye kingamwili ikaufuta uvimbe.

Lakini kielelezo si maradhi yenyewe. Sehemu kubwa ya jicho la panya imejazwa na lenzi, na ute wake hauzidi sana mikrolita 5, ambapo wa mtu ni kama mililita 4. Panya asiye na kinga hawezi kutuonyesha jinsi kinga inavyopambana na saratani. Na kirusi cha Epstein-Barr, kinachoandamana na limfoma ya ubongo kwa wenye UKIMWI, hakiingii katika seli za panya. Basi msomaji akisikia kwamba panya wamepona, na aulize kwanza walitiwa seli gani, na wapi. Mpaka leo nguzo ya tiba ya limfoma ya ubongo ni methotreksati kwa vipimo vikubwa, dawa iliyokuwa mikononi mwa matabibu kabla panya wa SCID hawajajulikana.