Kahawa na Udugu wa Wanaume wa Karagwe

Mazungumzo kuhusu wanaume wa Karagwe na Kyerwa, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, hurudi mara nyingi palepale: zamani mwanaume alivumilia, akafunga mdomo, akalisha nyumba yake, na vijana wa leo wamelegea. Hoja hiyo haisimami mbele ya historia. Mwanaume anayebeba nyumba nzima kwa fedha ya msimu mmoja, na kuficha pale anapolemewa, hakurithiwa kutoka Bweranyange, makao ya wafalme Wahinda wa Karagwe. Ametengenezwa na kodi, kahawa na mkopo ndani ya karne moja hivi, na dhiki ya akili ya wanaume wengi wa huku haieleweki bila kuitazama safari hiyo.

Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika kwa mfalme Rumanyika mwishoni mwa 1861, alisimuliwa jinsi mrithi wa baba yake, Ndagara, alivyopatikana. Ndugu waliwekewa ngoma ndogo iliyofanyiwa uganga wainue. Ikawalemea wengine, Rumanyika peke yake akaiweza. Halikuwa pambano la misuli. Tena ndugu yake mmoja, Nnanaji, alijulikana kwa uganga. Sidai kwamba utawala ule ulikuwa wa upole, maana Rumanyika alipigana na ndugu yake mwingine, Rogero, kwa ajili ya kiti hichohicho. Nadai tu kwamba heshima ya mwanaume ilikuwa na milango mingi: ng'ombe, uganga, ushairi wa majigambo, zeze la enanga, na zaidi ya yote omukago, udugu wa damu. Wanaume wawili walichanjwa, damu ikapakwa kwenye buni, kila mmoja akatafuna ya mwenzake. Tangu hapo kila mmoja alikuwa na mtu nje ya ukoo wake aliyefungwa kwa kiapo kumpokea, kumlisha na kumtetea. Kahawa iliyotumika ni ileile robusta ya kwenye kibanja, shamba la nyumbani, iliyochemshwa na majani, ikakaushwa na kutafunwa na wageni. Kabla ya kuwa zao la kuuza, ilikuwa kifungo kati ya watu.

Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, na Wajerumani walikuwa wameshajenga boma Bukoba. Kodi ikadaiwa kwa fedha, misheni zikapiga vita omukago, na chini ya Waingereza kahawa ikawa njia kuu ya kupata fedha hiyo. Mibuni ilikuwa ndani ya kibanja, na kibanja kilirithiwa na wana wa kiume. Hivyo thamani ya mwanaume ikaanza kusomwa kwenye mizani. Makubaliano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yalipovunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka, na aliyepimwa kwa gunia akaporomoka nalo. Hapo ndipo butura inapouma: mkulima mwenye shida ya karo au matibabu anauza kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa, mara nyingi bila mkewe kujua. Msimu ukifika anavuna mali ya mwingine kwa mikono yake mwenyewe, huku nyumbani wakingoja fedha. Omukago ulimpa mtu wa kumwendea katika shida. Butura inampa mdai anayenufaika shida hiyo ikikaa siri.

Itasemwa kwamba ukimya wa wanaume ni wa kale kuliko kahawa. Huenda, lakini haukuwa sheria isiyovunjika. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, katika miaka ya 1930, ulienea hadi upande huu, na ndani yake wanaume wazima waliungama mbele ya umati na kulia hadharani. Hawakuacha kuwa wanaume. Baadhi yao wakawa viongozi wa kanisa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wanawake, walionyimwa hata kurithi kibanja, ndio wenye mzigo mkubwa. Ni kweli, na ndiyo sababu jambo hili haliwahusu wanaume peke yao: deni la siri na pombe inayolifuata huangukia jikoni. Ila takwimu za Shirika la Afya Duniani za 2019 zinaonyesha duniani wanaume wakifa kwa kujiua kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wanawake, na Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Aliyeshindwa kusema kwa ndugu atasemaje kwa polisi? Kifungu hicho kifutwe. Na vyama vya msingi vya ushirika, vinavyowakusanya wanaume haohao kila msimu kupima kahawa, viwape mkopo mdogo wa kabla ya mavuno, ulioandikwa kwa majina ya mume na mke, ili deni lisibaki siri ya mtu mmoja.