Ibn Jubayr katika Hospitali za Wendawazimu: Kipimo Chetu cha Zamani

Mara nyingi tukitaja maristani, yaani hospitali za zamani za Waislamu, huishia kwenye majengo na majina ya masultani. Leo tumfuate msafiri aliyechungulia ndani, Ibn Jubayr wa Andalusia.

Mwaka 578 Hijria (1183) aliiona hospitali ya Sultani Salahuddin mjini Cairo. Wendawazimu walikuwa na sehemu yao yenye uwanja mpana na madirisha ya vyuma, na watu wa kuwaangalia hali zao kila siku. Mwaka uliofuata, Damascus, alikuta hospitali inayotumia takriban dinari 15 kwa siku. Wasimamizi walikuwa na madaftari yenye majina ya wagonjwa na gharama za dawa na chakula, na matabibu hufika mapema kila asubuhi. Kisha akaandika jambo ambalo sisi hupenda kuliruka: wendawazimu wa huko walitibiwa, lakini walifungwa minyororo.

Hivyo basi alipima kwa kuuliza nani anamjulia hali mgonjwa, mara ngapi, na kwa fedha ipi. Msimamizi wa wakfu katika fiqhi ameshika amana, na bila daftari ataonyeshaje kwamba imewafikia wenyewe?

Shirika la Afya Duniani lilipotoa Atlasi yake ya kwanza ya afya ya akili mwaka 2001, lilizilinganisha nchi kwa vitanda, madaktari na sera. Kazi hiyo ina faida kubwa, ila kitanda huhesabiwa kimoja, awe mgonjwa ameshiba au amefungwa kamba. Mwaka 2012 shirika hilohilo likatoa utaratibu wa wakaguzi kuingia wodini na kuwahoji wagonjwa wenyewe. Na mwaka 2020 ripoti ya Human Rights Watch ilionyesha watu wakifungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, wengine katika vituo vya dini.

Hapo ndipo jambo linapotugusa sisi. Aya ya 5 ya Surat An-Nisaa, kuhusu wasioweza kuendesha mali, inaamrisha walishwe, wavishwe na waambiwe maneno mema. Hatupingi kisomo cha ruqya. Tunauliza: mgonjwa anayeachwa kwa shekhe miezi mitatu, jina lake limeandikwa wapi? Amekula nini jana? Na kamba ile mguuni, nani aliyeiruhusu, na ataifungua lini?