Ini la Kitanda Namba 10

Mwishoni mwa miaka ya 1950, hospitali moja ya kufundishia mjini London iliomba msaada kwa Taasisi ya Tavistock. Wodi zake zilitegemea wauguzi wanafunzi, na mahitaji ya kazi yaligongana na mahitaji ya masomo. Isabel Menzies, mtaalamu wa uchambuzi wa nafsi, alipoingia humo alikuta tatizo zito kuliko ratiba. Wauguzi walikuwa na hofu na msongo mkubwa, na karibu theluthi moja ya wanafunzi waliacha mafunzo kabla ya kuhitimu.

Menzies aliutazama utaratibu wa kazi. Mwanafunzi hakupewa wagonjwa wachache awauguze kikamilifu. Alipewa orodha ya kazi ndogondogo za kufanyia wodi nzima. Mgonjwa aliweza kuitwa kwa kiungo na kitanda chake: ini la kitanda namba 10. Wanafunzi walihamishwa wodi mara kwa mara, na waliotarajia kumwona mgonjwa wao akipona waliondolewa kabla.

Katika makala yake ya mwaka 1960, Menzies alieleza kwamba utaratibu huo ulikuwa kinga. Uuguzi humweka kijana karibu na kifo, uchafu na kilio, na hospitali, bila kukusudia, ilikuwa imejenga ukuta kati yake na mgonjwa ili asiumie. Lakini ukuta huo ulizuia pia faraja ya kazi. Aliyepima joto la watu thelathini hakuweza kusema, huyu nimemuuguza mimi. Hofu ilibaki, na miongoni mwa walioondoka walikuwamo wale wenye moyo wa kazi.

Baadaye uchovu huu ulipata majina. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, daktari wa saikolojia mjini New York, aliandika juu ya wahudumu wanaoishiwa nguvu kabisa kwa kazi. Mwaka 1992 Carla Joinson aliandika juu ya wauguzi waliochoka kuhurumia. Majina yalisaidia, ila yalifanya iwe rahisi kumtazama muuguzi peke yake: apumzike, afanye mazoezi, ajifunze kuvumilia.

Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walirudisha macho kwenye wodi. Katika hospitali za Pennsylvania, kila mgonjwa mmoja wa upasuaji aliyeongezwa kwa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 23 katika uwezekano wa muuguzi kuchoka kupindukia, na asilimia 7 katika uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30. California ilikwisha kupitisha sheria mwaka 1999 ya kuweka kikomo cha wagonjwa kwa kila muuguzi, nayo ikaanza kutekelezwa mwaka 2004.

Mjini Boston, wakili Kenneth Schwartz, aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995, aliacha wosia wa namna nyingine: kituo cha kutetea utu katika matibabu. Tangu mwaka 1997 kimeendesha vikao ambamo wauguzi, madaktari na wahudumu wengine husimulia wagonjwa waliowagusa moyo, bila kutafuta wa kulaumiwa.

Kwa Kiswahili, kuuguza kumetokana na kuugua. Anayeuguza hawezi kukaa mbali na maumivu. Kinachoweza kubadilishwa ni idadi ya wagonjwa anaobebeshwa, na kama ana mtu wa kumsikiliza zamu inapokwisha.