Kifaru cha Karatasi na Historia ya Vita

Kiswahili kimeliita gari la vita lenye deraya kwa jina la kifaru, nasi sote twaelewa kwa nini. Waingereza, ambao ndio waliolipeleka vitani mara ya kwanza, tarehe 15 Septemba 1916, katika mapigano ya Somme huko Ufaransa, waliliita kwa neno lenye maana ya tangi la maji, ili adui asipate kujua ni kitu gani kinachoundwa viwandani. Jina moja lafunua, jina la pili laficha. Makala haya yahusu njia nyingine ya kukifunua kifaru, nayo ni kukiunda upya kwa karatasi, mkasi na gundi.

Sanaa hiyo ilistawi sana nchini Poland. Vita Kuu ya Pili vilianza huko tarehe 1 Septemba 1939, na vilipokwisha mwaka 1945 sehemu kubwa ya jiji la Warszawa ilikuwa magofu. Mwaka 1957 lilianza kutolewa gazeti la vijana liitwalo Mały Modelarz, yaani Mwunda Vielelezo Mdogo. Ndani yake mlichapwa sehemu za ndege, meli na magari, tayari kukatwa na kukunjwa. Vielelezo vya plastiki kutoka ng'ambo vilikuwa adimu na ghali, lakini karatasi mtoto aliweza kuimudu.

Kifaru kilichopendwa mno na waundaji hao ni T-34, ambacho kilianza kutengenezwa katika Shirikisho la Kisovieti mwaka 1940, na ambacho jeshi la Poland lililopigana bega kwa bega na Wasovieti lilikitumia pia. Mapenzi hayo yalizidi mwaka 1966, televisheni ya Poland ilipoanza kuonyesha mchezo wa askari wanne na mbwa wao, waliosafiri vitani ndani ya T-34 yenye nambari 102.

Kazi yenyewe yataka subira. Kwa kipimo cha 1 kwa 25, kiwiliwili chenye urefu wa karibu mita 6 huwa sentimita 24, na upana wa mita 3 huwa sentimita 12. Kabla ya kukunja, kila mstari hukwaruzwa kwa ncha butu ili karatasi isipasuke. Magurudumu makubwa ni matano kila upande, na kila gurudumu huundwa kwa duara kadhaa zilizogandishwa pamoja. Minyororo ndiyo mtihani mkubwa, kwa maana kila mmoja una vipande zaidi ya 70.

Hapo ndipo mikono ianzapo kufundisha. Bamba la mbele la T-34 lilikuwa na unene wa milimita 45 tu, yaani chini ya milimita 2 katika kielelezo. Lakini lililazwa nyuzi 60 kutoka wima, hata kombora lililokuja sawasawa na ardhi likakuta milimita 90 za chuma. Aliyelikunja bamba hilo mwenyewe hahitaji kuelezwa mara ya pili faida ya mteremko.

Kisha huja tundu la duara ambalo juu yake huzunguka mnara wa mzinga. Katika T-34 ya mwaka 1944, yenye mzinga wa milimita 85, tundu hilo lilikuwa na upana wa milimita 1,600. Katika karatasi halifiki sentimita 7. Hapo walibanana watu watatu: kamanda, mlenga shabaha na mpakia makombora. Makombora yalikuwa chini ya miguu yao, na matangi ya mafuta yalikuwa ubavuni mwao. Moto ulipozuka, nafasi ya kutoka ilikuwa ndogo kama tuionavyo.

Hata hivyo, karatasi haisemi yote. Tarehe 28 Juni 1956, mwaka mmoja tu kabla ya gazeti lile kuanza, wafanyakazi wa Poznań waliandamana wakidai ujira wa haki na mkate. Serikali yao iliwapelekea wanajeshi, na T-34 zilikuwamo mitaani. Chombo kilichosifiwa kwa kuwafukuza Wanazi kiliwaelekea raia wa nchi ile ile. Basi mwundaji abandikapo nambari ubavuni mwa kifaru chake, hana budi kujiuliza: hiki ni kifaru cha siku gani, na mtutu wake uliwaelekea akina nani?

Kwa walimu wenzetu, kazi hii yaweza kuingia darasani bila gharama kubwa. Kadibodi ya sanduku, rula na gundi ya unga vyatosha. Wanafunzi watajifunza kutaja vipimo, pembe na mpangilio wa kazi kwa Kiswahili sanifu: kata, kwaruza, kunja, gandisha. Kielelezo kikishakauka, na waandike insha juu ya watu waliokaa ndani yake, na juu ya wale waliosimama mbele yake.