Watu Walioganda

Historia ya tiba hupenda kuwataja madaktari. Mimi napenda kuwakumbuka wagonjwa, tena wagonjwa ambao jamii haikuwahesabu kuwa watu wa maana.

Mwaka 1817 James Parkinson, daktari wa London, aliandika juu ya maradhi ya kutetemeka ambayo huwapata zaidi wazee. Baadaye ilifahamika kwamba katika maradhi haya hufa seli za kieneo kidogo cheusi ndani ya ubongo. Seli hizo hutengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kujongea sawasawa. Lakini kwa nini zife hizo, na jirani zake nyingi zisalimike?

Dokezo lilitoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1982, katika jimbo la California nchini Marekani, wala unga kadhaa waliganda ghafla kama sanamu, baadhi yao wakiwa bado vijana. Mmoja wao alidhaniwa kuwa na ugonjwa wa akili, mpaka aliposhikishwa kalamu, na vidole vyake vikaandika polepole. Kumbe akili ilikuwa nzima, mwili ndio uliofungwa. Daktari William Langston na wenzake waliwapa levodopa, dawa ya wagonjwa wa Parkinson, nao wakaanza kujongea.

Watu hao walikuwa wamejidunga heroini bandia iliyotengenezwa mafichoni, tena vibaya, ikawa na sumu iitwayo MPTP. Ubongoni sumu hiyo hugeuzwa kuwa sumu nyingine, ambayo seli za dopamini huipokea kwa mlango uleule zinaopokelea dopamini. Ikishaingia huiendea mitokondria, yaani vile vinu vidogo vya seli vinavyotumia chakula na hewa kutoa nguvu, ikakwamisha hatua ya kwanza ya kazi hiyo. Seli iliyokosa nguvu hufa.

Je, wazee ambao hawakujidunga chochote? Mwaka 1989 Anthony Schapira na wenzake huko London walionyesha kwamba katika kieneo kile cheusi cha wagonjwa waliokufa, hatua hiyohiyo ilikuwa imedhoofika. Mwaka 2000 watafiti wa Atlanta waliwapa panya rotenoni, nao wakapata dalili za Parkinson. Rotenoni ni ndugu wa sumu za utupa, mmea ambao wavuvi wetu wameutumia tangu zamani kulevya samaki. Samaki naye hulegea kwa sababu vinu vyake vimekwama. Kisha mwaka 2004 ilibainika kwamba hitilafu katika jeni ya PINK1, ambayo kazi yake ni kulinda mitokondria, huleta Parkinson ya kurithi.

Sisemi kwamba fumbo limekwisha. Maradhi haya yana njia zaidi ya moja, na levodopa hupunguza tabu tu. Dawa ya kuzizuia seli zisife haijapatikana. Lakini njia hii moja ilionekana kwa sababu kuna mtu aliyeona vidole vya mla unga vikicheza, akaona inafaa kumpa kalamu. Sisi tukimkuta mtu wa namna hiyo amejikunja kando ya njia, hugeuza uso na kupita. Wale wa California hawakupona kabisa, ila kila mzee anayetetemeka, na kila anayemuuguza, ana deni kwao.